Chai ya Ng'ambo Mbili

Kikao cha Kamati ya Majirani kilifunguliwa saa nne asubuhi na Butkhil, kikahudhuriwa na Butkhil, na hoja zote zikapitishwa na Butkhil bila kupingwa. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari, tena kwa mwandiko wa kupendeza, maana dereva wa basi aliyestaafu ana muda wa kupamba herufi. Akagonga muhuri chini yake. Kisha akabaki anautazama mlango wa kile chumba cha nyuma ya kinyozi, kana kwamba wenzake wanane wamechelewa tu na wataingia sasa hivi wakiomba radhi.

Wenzake hao, sita wako makaburini na wawili wako Ubelgiji kwa watoto wao. Ukiniuliza mimi, tofauti ni ndogo, maana wote hawapigi simu. Zamani walikuwa tisa: mfamasia, mkunga, muuza nyama, walimu na nani na nani, watu wa mji wetu wa Ahfir wenye shughuli zao, ambao mpaka wa nchi yetu na ya jirani ulipofungwa walikataa kuzoea. Wakaandika barua kwa wakubwa wa huku, kwa wakubwa wa kule, kwa Umoja wa Mataifa wenyewe. Kama dunia inataka kushirikiana, waliandika, basi ianzie hapa petu, kwenye mto ambao mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo. Fungueni walau kwa harusi na mazishi. Miaka ishirini na saba, kila mwezi barua. Jibu lilikuja moja tu, kadi ya kupigwa chapa yenye maneno matatu, "Barua yenu imepokelewa," na mkunga akaitia kwenye fremu. Mpaka leo inaning'inia pale ukutani, na usicheke.

Siku hiyo ajenda ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kuwashirikisha vijana. Hilo limekaa kwenye ajenda muda mrefu hata vijana wa wakati ule sasa wana mvi. La pili Butkhil aliliandika kwa herufi ndogo: safari ya katibu. Binti yake, Wafa, alikuwa amemkatia tiketi akaishi naye Ufaransa. Baba, unakula peke yako, unaumwa peke yako, sasa hata vikao unakaa peke yako, alimwambia kwenye simu. Ndege ilikuwa Jumapili.

Mlango ukafunguliwa kweli, lakini aliyeingia hakuwa marehemu. Alikuwa Nuhaila, binti wa miaka ishirini na mbili anayetengeneza simu kwenye kibanda kinachotazamana na msikiti.

"Ami Butkhil, umepiga kura tena peke yako?"

"Nimeshinda."

"Mpinzani wako alipata ngapi?"

"Niondokee, binti. Hivi ndivyo unavyozungumza na kiongozi?"

Alianza kuja miezi minne nyuma, siku aliyomletea Butkhil simu yake iliyopona. Aliliona daftari, akasoma ukurasa wa kwanza akacheka, wa pili akausoma mara mbili, wa tatu akavuta kiti. Yeye alikuwa na kundi lake simuni, vijana mia nne wa huku na wa kule ambao hawajaonana uso kwa uso hata siku moja, nao walikuwa wakijadiliana habari za maji, za kazi, za vita vya mbali na vya karibu, na mama wa nani anajua kupika kuskusi. Sasa walitaka kushuka mtoni siku moja kwa pamoja, hawa ukingo huu na wale ukingo ule, wapungiane mikono na kusoma tamko lao.

"Ijumaa hii, Ami. Saa kumi kamili. Hudhaifa wa kule ameshawapanga wenzake."

"Sisi huenda baada ya sala ya Alasiri."

"Baada ya Alasiri ndiyo saa ngapi?"

"Ndiyo baada ya Alasiri."

"Ami, nakuomba! Mmoja anatoka Berkane, mwingine Wajda, nimwambie aje jua likiwa limefika wapi? Atacheka. Saa kumi. Hata yule mzee wako wa sinia akina Hudhaifa wameshamwambia, watampitia nyumbani na gari."

Butkhil akakubali. Alijiambia: umewaita vijana miaka ishirini na saba, na wakija huwezi kuwasimamisha mlangoni ukawahoji. Moyoni alifurahi, hasa kusikia kwamba mzee wa sinia atakuja kwa gari. Walipotoka, kinyozi alikuwa amepanda juu ya kiti anairudisha nyuma saa ya ukutani, amechelewa siku nzima kuliko watu wote. Kwetu Ramadhani ikikaribia saa zote hurudishwa nyuma saa moja, na Idi ikipita husogezwa tena mbele. Tumezoea. Wakampa kinyozi salamu, wakapita.

Mzee wa sinia anaitwa Kuwider. Butkhil amejuana naye miaka yote hiyo na hajui macho yake yana rangi gani. Kuna mahali chini ya Ahfir barabara mbili zinakwenda sambamba, moja yetu na moja yao, mto katikati, na hapo ndipo kamati ilipokuwa ikishuka kila Ijumaa kuwapungia watu wa kule. Kuwider alikuwa akija kumsalimia binamu yake aliyebaki upande huu. Binamu akafa, yeye akaendelea kuja. Ijumaa moja Butkhil alibeba birika, akajimiminia chai, na sauti ikavuka mto: "Na mimi je, au mimi ni jiwe?" Ijumaa iliyofuata Kuwider akaja na birika lake na sinia la shaba.

Tangu hapo ikawa desturi yao. Humimini mpaka mwenzako ainue birika, na hunywi mpaka mwenzako apeleke glasi mdomoni. Mwisho Kuwider husimama, hulielekeza sinia kwenye jua na kulitikisa, na mwanga unakuja mpaka huku usoni mwako, na hiyo ndiyo kwaheri. Ramadhani huinua glasi tupu. "Tamu?" hupiga kelele Kuwider. "Imezidi sukari!" hujibu Butkhil, na kila mwaka wanacheka vilevile, wazee wazima.

Miaka iliwapunguzia masikio, kelele zikapungua, sinia likawa ndilo linalosema. Fadma, mke wa Butkhil, alipofariki, Butkhil alishuka mtoni Ijumaa ile bila birika, akakaa juu ya jiwe. Kuwider alimwangalia kidogo. Akalirudisha birika lake kikapuni, akakaa naye upande wake mpaka jua likazama. Hakuna aliyemweleza Kuwider kitu. Kati ya watu wote waliokuja kumpa Butkhil mkono wa pole, huyu ambaye hakuweza kumshika mkono ndiye aliyemfariji.

Na mtu huyo ndiye ambaye Butkhil alikuwa hajamwambia kwamba anaondoka. Angemwambiaje? Simu Kuwider hana, kuagiwa na akina Hudhaifa si kuaga, na habari ya kuaga kwa maisha huwezi kuirusha juu ya mto kwa sauti iliyokwisha. Ndipo akapanga: Ijumaa hiyo Nuhaila, ambaye ana koo la kunadi samaki, atampigia kelele maneno yake, kisha mbele ya macho ya Kuwider atamkabidhi binti muhuri wa kamati. Kabla ya ndege hakutaka kitu kingine. Nuhaila mwenyewe hakumwambia, alitaka amshtukize.

Ijumaa, siku ya tatu ya mfungo, wakashuka. Vijana arobaini kwa mabasi madogo mawili, na Butkhil mbele kwa gari lake kuukuu, birika limefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Alasiri walisali njiani, kando ya shamba la mizeituni. Vijana walikuwa na mabango, JIRANI SI ADUI, AMANI NI KAZI YETU, na binti mmoja wa Berkane alikuwa ameshona kitambaa kirefu cha rangi zote hata hujui pa kuanzia kukitazama. Saa kumi kamili, si dakika moja mbele wala nyuma, walisimama ukingoni.

Ng'ambo hapakuwa na mtu.

Barabara ya kule ilikuwa tupu. Mfuko wa plastiki ulikuwa ukijiburura na mbwa mmoja aliwatazama, akaona hawana maana, akaenda zake. Wakangoja. Dakika tano walicheka, kumi wakakunja mikono. Nuhaila akajaribu kupiga simu, lakini bondeni pale intaneti hukatika, kila mtu anajua.

"Nilisema mimi," kijana mmoja akaanza. "Hawa hawatutaki. Simuni maneno mengi, kuja hawaji."

"Wametufanya wapumbavu."

"Soma tamko basi tuondoke."

"Nimsomee nani? Mbwa?" akasema Nuhaila, akalikunja tamko.

Ilipokaribia saa kumi na nusu mabango yalikuwa yamekunjwa. Futari hailiwi njiani, mama atanichinja nikiikosa supu ya harira ya leo, gari linatakiwa lirudi. Wakaondoka, wengine bila hata kumuaga mzee, si kwa ubaya, kwa aibu tu. Binti wa Berkane alirudi mbio akaweka kitambaa chake juu ya gari la Butkhil, akakimbia tena.

Butkhil aliumia. Sitalipamba jambo hili: aliumia kama siku waliyomzika Fadma, na pengine zaidi, kwa sababu Fadma hakumwacha kwa kupenda. Kuwider hajakosa Ijumaa hata moja, hata ile ya mafuriko. Ama amekufa, ama amechoka naye. Na Butkhil, Mungu amsamehe, alikaa pale akishindwa kuamua ni lipi angependa liwe. Akautoa muhuri mfukoni mwa joho lake la jalaba, akautazama, akaurudisha. Nitaondoka nao, akawaza. Ukakae kwenye droo Ufaransa. Kamati imekwisha.

Nuhaila alikuwa ameshuka mpaka majini, simu juu kichwani, akitafuta mtandao. Ghafla akasimama wima.

"Ami, saa yako inasema ngapi?"

"Kumi na nusu."

"Yangu inasema kumi na moja na nusu."

"Imeharibika. Itengeneze, si ndiyo kazi yako?"

"Haijaharibika." Akapanda ukingo polepole, akimwonyesha simu. "Hapa chini imeshika mtandao wa kule, kupiga hainiruhusu, lakini saa imeibadilisha yenyewe. Hii ndiyo saa yao. Ami, wao Ramadhani hawarudishi saa nyuma. Sisi tu ndio tunaorudisha."

Butkhil hakuhitaji kuelezwa zaidi. Saa kumi ya kule ilikuwa saa tisa ya huku. Wale walikuja kwa wakati, wakasimama ukingoni na mabango yao wakati hawa wa Ahfir bado wanagombania nani apande basi lipi, wakaitazama barabara yetu tupu, wakasema yaleyale: hawatutaki, wametufanya wapumbavu. Wakarudi makwao. Kwa mwaka mzima saa zetu na zao ni moja, isipokuwa mwezi huu.

"Mia nne!" Nuhaila akaketi chini kwenye vumbi. "Watu mia nne na simu mia nne, hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Mimi mjinga. Mimi ndiye niliyesema saa kumi."

Butkhil alitaka kumgombeza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: sisi tulikwenda na Alasiri miaka yote hiyo na hatukupotezana hata siku moja. Lakini alimkumbuka kinyozi juu ya kiti. Aliiona saa ile ikirudishwa kwa macho yake mawili, na yeye ndiye mwenye miaka sabini na mitatu.

"Inuka, vumbi hilo," akasema. "Mjinga ni mimi. Wewe una nafasi ya kujifunza."

"Twende nyumbani, Ami."

"Nenda wewe. Mimi nakaa kidogo."

Hakwenda. Wakakaa wote wawili juu ya jiwe. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma yao, likawa linaimulika ng'ambo vizuri, kila kichaka na kila kokoto, na hapo ndipo kitu kikamchoma Butkhil jichoni. Akakinga uso kwa mkono. Akatazama tena. Kule, kwenye uzio mdogo wa chuma unaozuia magari yasiingie mtoni, palikuwa na kitu cha mviringo kimefungwa kwa kilemba cheupe. Kilikuwa kinang'aa wala hakitikisiki.

"Ni sinia," akasema. Akanyoosha kidole. "Sinia lake. Kaliacha."

"Labda kalisahau."

"Kuwider alisahau sinia? Tena kulifunga na kilemba chake? Alikuja, binti. Alitaka nijue alikuja."

Kutoka juu ya kilima cha kule mwanamke mmoja alikuwa akiteremsha mbuzi zake kuzirudisha nyumbani kabla ya adhana. Nuhaila akaruka, akakimbilia majini, akaweka mikono mdomoni.

"Weee mamaaa! Sinia hilo la nani?"

Mwanamke akasimama. "La mzee Kuwider!" Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika. "Kalifunga mwenyewe! Kakataa kuondoka mpaka wamembeba kumtia garini!"

"Mwambie Butkhil amekuja! Tumekosea saa tu!"

"Nani?"

"Butkhil!"

"Yule wa chai?"

Nuhaila akageuka. "Umesikia, Ami? Anauliza kama ni wewe yule wa chai."

Butkhil akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba mwanamke yule angeweza kumwona vizuri. Hakuwa akijua kwamba kule ana jina.

"Ndiye!" akapiga kelele Nuhaila. Kisha akamwuliza: "Nimwambie nini tena?"

Wiki nzima alikuwa ametunga maneno, mazuri, ya kuhusu udugu na dunia na kizazi kijacho. Yote yakamtoka. "Mwambie namuaga," akasema. "Jumapili nakwenda Ufaransa kwa Wafa. Sirudi."

Nuhaila alimtazama mpaka Butkhil akayaangusha macho. "Ulikuwa uniambie lini?"

"Leo. Hapa. Mbele yake."

Akageukia mto, akaweka tena mikono mdomoni. "Mama! Mwambie anasafiri! Anahama! Anamuaga!"

Ng'ambo zilisikika kengele za mbuzi. Mwanamke akaiegemea fimbo yake.

"Sasa mzee wetu Ijumaa atakaa na nani?"

"Na mimi!" akajibu Nuhaila, bila kumwangalia Butkhil wala kumwomba ruhusa. "Mwambie Ijumaa ijayo mimi! Na wenzangu! Baada ya Alasiri!"

Hayo Butkhil aliyasikia vizuri sana, na jambo la kwanza aliloliona moyoni mwake lilikuwa wivu. Wivu hasa, wa kitoto. Ilikuwa chai yake. Ilikuwa Ijumaa yake. Akautoa muhuri mfukoni akampa Nuhaila bila hotuba, kama mtu anayelipa nauli, na hilo lilikuwa rahisi. Halafu akaenda garini, akafungua mkanda, akalichukua birika, akasimama nalo. Hilo lilimchukua muda.

Adhana ya Magharibi ilisikika kule kwanza, kisha huku. Wakala tende mbili mbili wakiwa wamesimama. Butkhil akaanza kumfundisha, haraka haraka, mpaka tende ikamsakama: birika linashikwa juu hivi, usimimine mpaka yeye ainue lake, usinywe mpaka yeye anywe, akichelewa mngojee, magoti yake hayafai siku za baridi. Ukiona amekuja bila birika usimuulize, kaa naye tu.

"Na Ijumaa ijayo? Bado ni Ramadhani."

"Unainua glasi tupu. Atakuuliza kama chai ni tamu."

"Nimjibu nini?"

Butkhil alilitazama sinia kule ng'ambo, ambalo sasa halikuwa tena na jua la kuling'arisha, akaona weupe wa kilemba tu.

"Mwambie imezidi sukari," akasema, na hapo ndipo alipolia, mzee mzima, mbele ya mtoto wa watu, huku birika bado liko mkononi mwake na Nuhaila amenyoosha mikono yake miwili kulipokea.